Upepo Kichwani mwa Dada

Dada yangu alianguka kutoka kwenye mkorosho nyuma ya nyumba yetu, Kibuta, akagonga kichwa kwenye kisiki. Alizimia, akazinduka, na kabla wiki haijaisha alikuwa anatwanga mpunga kama kawaida. Tukasema kapona.

Baadaye jicho lake moja likawa jekundu, likaanza kutokeza nje. Akasema, "Nasikia upepo kichwani."

Kwetu mtu akisema ana upepo, maana yake ana pepo, haulizwi zaidi. Shangazi aliita mganga, ubani ukafukizwa, ngoma ikapigwa, na huyo upepo akaulizwa ni nani na anataka nini. Dada aliziba masikio, akalia kwamba ngoma inamuumiza. Wakubwa wakafurahi, wakasema pepo anakaribia kutoka. Mpaka leo nikikumbuka furaha ile nakasirika.

Baba alichoka, akatupandisha lori la korosho hadi hospitali ya mjini. Daktari aliweka mpira wake wa kusikilizia moyo juu ya jicho lile, akasikiliza, kisha akampa mama naye asikilize. Alieleza kwamba siku ile ya kuanguka mshipa mkubwa wa damu ulichanika nyuma ya jicho, na damu inafoka kuingia mshipa mwingine. Sauti ya damu hiyo ilikwenda na mapigo ya moyo: vuu, vuu.

"Kweli ni upepo," mama akasema taratibu.

Dada, ambaye siku zote zile tulikuwa tukizungumza na mwingine ndani yake, alimtazama. "Si nilikwambia, mama."