Mwanzo wa Kijinga kwa Nyeupe

Watu huniuliza kama ule mwanzo wangu wa chesi unafaa. Mimi huwajibu: haufai. Umeshika nyeupe, una haki ya kusogea kwanza, halafu mtu mzima na akili zako unamsukuma askari wa mbele ya farasi, upande wa mfalme, hatua mbili, anasimama pale bila mlinzi. Programu ya chesi kwenye simu ya mwanangu iliniambia waziwazi kuwa nimejiharibia. Sawa. Simu haikumjua jirani yangu.

Duka langu la mashuka, Kariakoo, limepakana na lake la vitambaa. Ni Mhindu wa Upanga, kanizidi umri kwa mbali. Mchana jua likikaza na wateja wakipungua, tulikuwa tunaweka ubao juu ya robota la mashuka mlangoni kwangu. Alikuwa mtani balaa! Mimi ni Mchaga, basi akinila malkia mtaa mzima unasikia: "Mangi, funga duka urudi Moshi ukalime ndizi!" Na mimi simwachi, namwambia kinachomfukuzia wateja ni bei zake, siyo jua.

Kisha mkewe akafariki. Tulimsindikiza mpaka akachomwa kwa mila zao, na siku za msiba zilipoisha mzee akarudi dukani. Wanawe walimwambia apumzike nyumbani, akakataa. Asubuhi namwamkia, "Shikamoo, mzee," anajibu "Marahaba," basi. Chesi alicheza, tena alinifunga kila siku, lakini kilichokuwa kinacheza ni mkono tu. Nikifungua kama watu wote wanavyofungua, anajibu bila kutazama. Ananifunga, anakusanya kete, anarudi kwake kukaa akitazama ukuta. Jamani, iliniuma. Nilianza kuogopa kwamba huyu mzee anamfuata mkewe taratibu, na sisi tunamwangalia tu.

Nilijaribu maneno. Nilimpa pole mpaka neno lenyewe likachakaa. Nikavitania vitambaa vyake, akatikisa kichwa. Ndipo siku moja nikaudhika, nikashika nyeupe, nikamsukuma yule askari wa kijinga. Moyoni nilisema, tuone kama na hili hulioni.

Hakuliona. Akasogeza askari wa mbele ya malkia wake. Nikamweka askofu kwenye uwazi ule nyuma ya askari wangu, naye akamla askari wa bure kwa mkono uleule wa mazoea. Nikamtupia mwingine upande wa pili. Akala tena. Basi askofu wangu akaukata ubao mshazari, akala askari, na ngome yake ya pembeni ikawa haina pa kukimbilia.

Mkono wake ukabaki hewani. Akautazama ubao, akanitazama mimi.

"Hii ni nini?"

"Chesi, mzee."

"Hii siyo chesi, huu ni uhuni! Nani kakufundisha? Mtu mwenye akili anafungua hivi?"

"Mbona ngome imekwenda?"

Akavuta stuli, akakunja mikono ya shati. Haki ya Mungu, sijawahi kupigwa vile. Pamoja na kupoteza ngome, alimsaka mfalme wangu kona hadi kona, maana nilikuwa nimeshambomolea ukuta mwenyewe kwa ule mwanzo wangu, na kila kete aliyosogeza ilikuja na kejeli yake. Nilifurahi kupigwa, sikufichi. Alipomaliza akalipiga kofi robota.

"Mangi, wewe ungefungwa hata na mke wangu, na mke wangu alikuwa hajui hata farasi anarukaje!"

Kisha akasikia alichosema. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja tangu msiba. Macho yakamjaa, na mzee yule ambaye hakulia hata siku tulipomsindikiza mkewe, akaacha machozi yamshuke mchana kweupe, watu wakipita.

"Nimemkumbuka sana," akasema. "Nyumbani hata chai hainishuki kooni."

"Najua, mzee. Niambie habari zake."

Akaanza. Akanieleza jinsi mkewe alivyokuwa akimgombeza kwa kuchelewa chakula, na jinsi alivyompigia simu dukani kila mchana, hana shida yoyote, anauliza tu kama amekunywa maji. Alikuwa bado anasimulia wakati akina mama wawili waliposimama mlangoni wakitaka mashuka ya jumla. Wakaita, wakaita tena, wakavuka kwenda duka la mbele. Niliwaona wakienda, na sikuinuka.