Salamu Saba na Suruali Moja

Goti la kulia la Kiraka halikuwahi kutulia tangu aajiriwe. Lilidunda chini ya meza mchana kutwa, likisugua mbao, hata kila suruali aliyonunua ikatoboka palepale. Jina lake, hata hivyo, halikutokana na suruali. Alibandikwa jina hilo ofisini kwa sababu kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiutia viraka mfumo wa zamani wa kampuni, programu iliyoandikwa kwa lugha ambayo wenzake wote walioijua walikuwa wamestaafu, wameacha kazi au wameokoka.

Jumatatu moja meneja, binti aliyekuwa bado akijifunza kusoma wakati Kiraka alipoandika mstari wake wa kwanza wa programu, akatangaza:

"Mfumo mpya, lugha mpya. Ijumaa kila mtu anionyeshe programu ndogo aliyoiandika kwa lugha hiyo. Atakayeweza ataingia timu mpya. Atakayeshindwa atabaki na mfumo wa zamani mpaka tuuzime."

"Na ukizimwa, bosi?" Kiraka akauliza.

Meneja akafunga kikao.

Usidhani Kiraka alikuwa mvivu wa kujifunza. Thubutu! Alikwishaanza lugha saba. Kila moja aliianza kwa shangwe ya bwana harusi: akanunua kitabu, akabadilisha rangi za skrini, akajiunga na kundi la wapenzi wa lugha hiyo, akagombana nao. Kisha somo la kwanza, ambalo ni lilelile kila mahali: iamuru kompyuta iandike "Habari, dunia." Kompyuta inaandika, Kiraka anajipigia makofi. Likija somo la pili, goti linaanza, na siku hiyohiyo, ajabu ya Mungu, anasikia kuna lugha nyingine bora zaidi.

Jioni ile alimkuta mkewe kwenye cherehani yake, iliyokuwa imeteka nusu ya sebule.

"Umeisalimia dunia mara saba," mkewe alisema, pini zikiwa mdomoni. "Imekuitikia mara zote. Sasa huna la kuiambia?"

"Natafuta lugha itakayonifaa."

"Baba watoto, wewe hutafuti. Wewe unabisha hodi na kutimua mbio."

Akamrushia daftari la nguo za wateja. "Niandikie programu ya kuniambia nguo gani inafuata kushonwa. Dunia haitakuuliza umefika wapi. Mimi nitakuuliza."

Na akauliza. Jumanne kwenye chai: "Ipi inafuata?" Jumatano mlangoni pa bafu, mume akiwa na povu machoni: "Ipi inafuata?" Alhamisi mchana ukaingia ujumbe wa rafiki: kuna lugha mpya kabisa, imetoka wiki hii, unaimaliza kwa siku moja. Goti likapiga meza hadi kikombe kikaruka. Kidole kilikuwa kimeshakaribia kubonyeza, simu ikalia. Mkewe. Hakuhitaji hata kupokea. Aliufuta ujumbe ule akiguna kama mtu anayeng'olewa jino.

Ijumaa, mbele ya timu nzima, akaiendesha programu yake. Makosa kumi na manne, mekundu, yakajipanga kwenye skrini kama askari wa gwaride.

"Si mbaya, mzee," meneja akasema, kwa ule upole wa kumsemesha mgonjwa. "Nani anafuata?"

Miaka yote, hapa ndipo Kiraka angekumbuka kwamba ana mtu wa kumpigia simu huko nje. Akainuka nusu. Akakaa.

"Nipe dakika, bosi."

Akasoma kosa la kwanza: mabano yaliyosahauliwa. La pili, herufi. Akashuka nayo moja moja, jasho likimtiririka, hadi likabaki moja. Ile lugha ya zamani ikikuta pengo hulimeza kimyakimya, ikakutapikia miezi mitatu baadaye. Hii mpya iligoma mapema: kuna nguo haina tarehe, nikiikuta nifanye nini? Akafunua daftari. Ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko wa mkewe: "Suruali ya baba watoto, goti." Mahali pa tarehe palikuwa patupu.

Akaongeza mistari miwili. Programu ikakubali, ikazipanga nguo kumi na moja kwa tarehe zake, na chini kabisa ikaandika: "Suruali ya baba watoto: haina tarehe. Muulize fundi."

Chumba kizima kikavunjika mbavu. Meneja alicheka hadi akavua miwani, kisha akamwandika Kiraka kwenye orodha ya timu mpya.

"Lakini 'Habari, dunia' iko wapi, mzee? Wenzako wote wameanza nayo."

"Tumeshasalimiana vya kutosha."

Akatoka koridoni kumpigia mkewe. "Nimeingia! Na linalofuata ni gauni la mwalimu, la Jumatatu."

"Nimeshalikata."

"Na suruali yangu? Programu inadai tarehe."

Mkewe akasimamisha cherehani. "Andika miezi sita kuanzia leo. Nikikukuta bado uko kwenye lugha hiyohiyo, nitaishona."

Kiraka akarudi kwenye kiti chake, akaiandika ile tarehe. Chini ya meza, goti likaanza.