Mama Mkwe Upande wa Pili wa Boti

Kazi yangu ni kupitisha mizigo ya malori mpakani pale Malaba, na hata madereva wanaonitukana huniita boss. Majini sina ubosi wowote. Siku ile nilikuwa naenda kisiwani kwa kina mchumba wangu, kuketi na wazee ili wanikubali, na kusema kweli nililiogopa boti kuliko wazee.

Kwetu mwanamume hamgusi mama mkwe. Hampi mkono, haketi naye karibu, na wakikutana njiani mmoja hukata kona. Ukikosea, maneno ya ndoa yanasimama mpaka uchinje mbuzi wa kutakasa, na wazee hao hawana haraka ya kula.

Nahodha wa boti lile la abiria hupanga watu kwa uzito. Alinitazama tumbo bila haya.

"Boss, wewe ni mzito, kaa hapa mwisho. Mama, wewe pia umeshiba, kaa benchi hiyo hiyo, upande ile ingine, tubalansi."

Nikageuka. Mama mwenyewe alikuwa yule mama mkwe niliyemjua kwa picha tu, anatoka soko la Port Victoria na beseni lake. Naye alinitambua, maana alijifunika leso uso mzima papo hapo. Kati yetu palikuwa na kuku mmoja aliyefungwa miguu.

"Nahodha," akasema ndani ya leso, "ambia huyo kijana asonge."

"Akisonga tunapinduka, mama."

"Basi aangalie maji."

Nikaangalia maji. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu niliona wimbi likija. Nilifumba macho, nikashika kitu cha kwanza nilichopata, nikasali Kikatoliki na Kianglikana pamoja, itakayowahi iwahi. Kuku alipiga kelele njia nzima. Mwishowe boti likagota mchanga.

"Nahodha," leso ikasema, "ambia yeye tumefika. Aachilie mkono yangu."

Alasiri niliketi mbele ya wazee. Mmoja akauliza, kama ilivyo desturi, iwapo nimewahi kumkaribia mama mkwe. Nilijua nimeshampoteza mchumba.

Sauti ikatoka jikoni.

"Mimi sijawahi ona huyo kijana na macho yangu." Ikaongeza, "Lakini nasikia akishika kitu haachilii. Mpeni msichana."