Tambi za Njia ya Horohoro

Mume wangu alifia katika hoteli ya Mchina, njia ya kwenda Horohoro, mchana wa Jumatano. Alikuwa dereva wa lori, akipeleka saruji mpakani na kurudi Tanga. Aliingia kula, moyo ukasimama, na hakutoka tena kwa miguu yake.

Habari tuliletewa na dereva mwenzake aliyefika pale baadaye. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Shemeji, tulimkuta ameshatangulia. Wachina walikuwa wamemzunguka."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo niliyoingia nayo eda. Miezi minne na siku kumi nilikaa ndani ya nyumba yetu Nguvumali, na kila nilipomaliza kuswali yalinirudia. Kwetu, mtu anapokata roho, aliye karibu humwinamia sikioni akamsomea shahada, ili liwe neno lake la mwisho hapa duniani. Baba yangu alisomewa. Mama yangu nilimsomea mwenyewe, kule Kigombe. Mume wangu alikuwa amezungukwa na Wachina.

Nilimwuliza maalimu aliyekuja kutusomea arobaini, yeye upande ule wa pazia, mimi upande huu. Alinijibu kwa upole kwamba mwisho wa mja anaujua Mwenyezi Mungu. Nilimshukuru. Lakini sikuwa nimeuliza anachojua Mungu. Nilitaka kujua alichofanya yule aliyekuwa karibu.

Nilipotoka eda nilimwambia wifi yangu, mdogo wake marehemu, kwamba nataka kwenda huko. Wifi yangu ni mtu wa maneno. Alikuwa anakuna nazi, akasimamisha mikono.

"Wenzako wakitoka eda wananunua kanga mpya, wewe unataka kwenda kula kwa Mchina?"

"Siendi kula. Naenda kuuliza."

"Haya, twende. Lakini mimi kwake sinywi hata maji. Nabeba changu."

Kweli alibeba. Tulipanda gari asubuhi, yeye na hotipoti ya mkate wa kumimina mapajani, na chupa ya chai miguuni. Tulipopita Amboni alikuwa ameshalala. Mimi nilitazama barabara. Nilikuwa sijawahi kuipita njia aliyoipita mume wangu mara mbili tatu kila wiki. Hakuwa mtu wa kusimulia. Akirudi husema, "Njia nzuri," au husema, "Njia mbaya," akaenda kuoga.

Hoteli ile iko mbele ya Duga, kwenye uwanja mpana ambapo malori huegeshwa. Ni nyumba ya chini, ya bati, ukuta wake umepakwa rangi ya kijani. Juu ya mlango kuna maandishi ya Kichina, na pembeni yake neno moja la Kiarabu ambalo mimi na wifi tulilijua tangu tuko chuo cha Kurani na mbao zetu. Halali.

Nilisimama pale pale juani. Wifi naye alisoma, akabinua mdomo.

"Rangi anauziwa yeyote," alisema. "Hata mimi mwenye watoto watano naweza kuandika mlangoni kwangu kwamba humu anakaa mwari."

Tuliingia. Kulikuwa na meza kama nane na madereva watatu wakila bila kuzungumza. Mwanamke wa Kichina aliyejifunga mtandio mweusi kichwani alikuwa anakata figili. Nyuma yake, mwanamume mwenye kofia nyeupe alikuwa anavuta unga. Nimekanda unga maisha yangu yote, lakini vile sikuwahi kuona. Alilishika donge kwa mikono miwili, akalivuta mpaka mikono ikafika mwisho, akalikunja, akalibamiza mezani, akalivuta tena. Kila akikunja, nyuzi zinaongezeka. Punde mikononi mwake hakukuwa na donge tena, kulikuwa na tambi tupu, nyembamba, zote sawa.

"Karibu bosi! Kaa, kaa! Kubwa au ndogo?" alituita. Kiswahili chake kilikuwa cha madereva, kwa kuwa hao ndio waliomfundisha.

"Hata salamu hakuna?" wifi alimrushia.

Akaweka tambi chini. "Assalaam alaykum."

"Waalaykum salaam," wifi akajibu kabla hajafikiri, kisha akanitazama kama mtu aliyekanyaga kitu.

Nilikuwa nimekuja kuuliza, lakini nilivuta kiti nikakaa. Nikasema, "Ndogo." Wifi akasema yeye hataki kitu, akafungua hotipoti yake mezani bila haya.

Bakuli lililoletwa halikuwa dogo. Mchuzi wake ulikuwa mweupe hata unaona chini, na juu yake vipande vyembamba vya figili, nyama ya ng'ombe iliyokatwa kama karatasi, kotmiri, na mafuta mekundu ya pilipili yaliyojikusanya upande mmoja. Nilipewa vijiti, kisha mpishi aliponitazama kidogo akaniletea uma.

Tambi kwangu mimi ni za futari, za sukari na iliki. Kwa hiyo tonge la kwanza nililitia kinywani nikiwa nangoja utamu, nikakuta chumvi, moto na kitu kama mdalasini kwa mbali. Tena zilikuwa ndefu, sikujua pa kuzikatia. Wifi alicheka mpaka akapaliwa na chai yake.

Lazima niseme ukweli hapa. Chakula kile kilikuwa kimeshafika nyumbani kwangu. Mwaka mmoja kabla hajafa, mume wangu aliniletea tambi hizo ndani ya chombo cha chakula, akasema Mchina yule anapika vizuri. Aliingia kuoga, nami nikazimwaga kwa kuku. Nilidhani ni nguruwe. Sikumwuliza. Nilidhani nikiuliza nitasikia jibu ambalo itabidi tugombane. Alipotoka kuoga akasema, "Vipi?" Nikasema, "Nzuri." Alifurahi, akaniletea tena mara mbili. Kuku walikula zote. Ningekuwa nimeuliza siku ile neno moja tu, nisingekaa eda na yale niliyokaa nayo. Huo ni uzembe wangu, si wa mtu mwingine.

Nilifika nusu ya bakuli. Mpishi akaja akifuta mikono.

"Mbaya?"

"Si mbaya," nilisema. "Mimi ni mke wa dereva aliyefia hapa."

Alibaki na kitambaa mkononi. "Suka wa saruji?"

"Ndiye."

Akamwambia mkewe maneno ya kwao. Yule mwanamke akaacha kisu, akaja akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, yenye ubaridi wa figili. Hakujua Kiswahili hata kidogo. Alisimama tu, amenishika. Mumewe akavuta kiti, akakaa mbali kidogo na sisi, kwa adabu.

Alituambia kwao ni Gansu, huko Uchina, mbali sana na bahari, na kwamba huko ukoo wao ni Waislamu tangu mababu. Kisha akanyoosha kidole kwenye meza ya dirishani.

"Alikaa pale. Akashika hapa." Akagusa kifua chake. "Mimi nikasema lala, lala chini. Mke wangu alileta mto, akampepea na karatasi ya boksi. Nikapiga simu gari la wagonjwa. Gari mbali. Mimi nilijua. Baba yangu alikufa hivi hivi. Nikaweka kichwa chake hapa." Akagusa paja. "Nikasema kalima, shahada, sikioni."

"Mara ngapi?" nilimwuliza.

"Tatu."

Wifi alikuwa ameshika kipande cha mkate. Akakirudisha. "Na yeye akaitamka?"

Mpishi aligusa mdomo wake. "Mdomo ilitikisika. Lakini mtu akitafuta pumzi, mdomo pia inatikisika. Mimi sijui."

"Si ulikuwepo! Sema tu, alitamka!"

"Dada, nilikuwepo. Sauti sikusikia. Nikisema nimesikia, kesho kwa Mungu nasema nini?"

Wifi akajifunika uso na mtandio akalia. Mimi sikulia. Nilikuwa nafikiri juu ya wale Wachina waliomzunguka. Mmoja alikuwa anampepea na mwingine amempakata.

Nilimwomba mpishi aiseme kama alivyoisema siku ile. Aliona haya kidogo, akavua kofia, akaivaa tena, akainama kuelekea mezani na kuisema polepole. Ni maneno niliyoyajua kabla sijajua kuhesabu. Kwake yalikuwa na mkato mwingine, baadhi ya herufi zimelainika, nyingine zimekaa puani. Nilisikiliza mpaka mwisho. Ndiyo sauti aliyoisikia mume wangu. Sikuweza kuijua mpaka nilipokwenda pale.

Baadaye wifi alifuta macho, akalitazama bakuli langu.

"Hiyo ng'ombe kweli?"

"Ng'ombe," alisema mpishi. "Anachinja mzee wa hapo Duga."

Akala nyama zangu zote kwa vidole, akaniachia tambi.

Tulitoka nje kungoja gari la kurudi. Kabla hatujafika barabarani wifi alikuwa ameshampigia mama yake, mama mkwe wangu, aliyeko Kigombe.

"Mama! Alitamka, mama! Mwanao alitamka!"

Nilimtazama. Alinipa mgongo. Ningeweza kunyamaza. Mama mkwe ni mtu mzima, amezika watoto wawili, na neno lile lingemlaza usingizi. Lakini nilinyoosha mkono, wifi akanipa simu huku akinikunjia uso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wifi yako anasema alitamka."

"Alisomewa, mama. Mara tatu, kichwa chake kimelazwa pajani. Kama alitamka, aliyemsomea hakusikia. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa."

Nilisikia kuku wa uani kwake.

"Aliyemsomea nani?"

"Mchina, mama. Muislamu."

"Mchina Muislamu," alisema, kama anayeonja. "Haya. Alhamdulillahi." Kisha akauliza, "Alikuwa ameshakula?"

"Nani, mama?"

"Mwanangu. Alikuwa ameshakula, au alikufa na njaa yake?"

Sikujua. Hilo sikuwa nimeliuliza. Nilimwambia angoje, nikavuka uwanja kurudi, wifi nyuma yangu akiuliza tumesahau nini. Mpishi alikuwa ameshika donge jingine, mikono imetanuka, imejaa unga. Nikamwuliza kutoka mlangoni.

"Alikula. Kubwa. Alimaliza," alisema. "Akaomba supu kuongeza, mimi nilikuwa naleta."

Nilifungua sauti ya simu, nikaisogeza karibu na mdomo wake. "Mwambie mwenyewe. Ni mama yake."

Akainama. "Shikamoo mama. Alikula. Bakuli kubwa. Alimaliza."

"Marahaba, baba," ilisema simu.

Tulingoja, sote wanne, na donge likaanza kuning'inia mikononi mwake. Kisha mama mkwe akakohoa, akaanza kumwuliza hiyo supu aliitia nini.