Themanini, Sipunguzi

Keziya alikuwa mnunuzi wa viazi katika milima ya Kabale, na hakuna mkulima aliyewahi kumlaghai. Hatazami viazi vya juu ya gunia. Anatumbukiza mkono mpaka kiwiko, anaibuka na kiazi kilichooza cha chini. "Hiki ulikuwa unamfichia nani, mzee?" Watu wanacheka, bei inashuka.

Alhamisi moja, kwenye mkutano wa waliookoka, alisimama kutubu. Ndiyo desturi yao: unataja dhambi yako hadharani, wenzako wanakukumbatia kwa wimbo.

"Ndugu zangu, nina uchungu wa miaka kumi na mmoja. Mume wangu Zaburoni alipougua, kila nyumba ya kilima chetu ilitoa mtu wa kubeba machela kwenda hospitali. Nyumba ya dada Merabu tu ndiyo haikutoa. Zaburoni akafia njiani. Leo namsamehe dada Merabu. Bwana asifiwe!"

Wimbo ukapanda, wakamkumbatia. Merabu, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, aliokota shali yake akatoka. Hakuna aliyemfuata.

Keziya alirudi nyumbani mwepesi kama aliyetua mzigo. Jumamosi sokoni, mkono ukiwa ndani ya gunia la mtu, akasikia wanawake wawili wakinong'ona: "Si ndiye yule aliyenyima machela? Njegere zake sigusi." Akageuka, akamwona Merabu ameketi na kapu lililojaa, hana mteja hata mmoja.

Akaona raha. Raha ya biashara iliyolipa.

Hapo ndipo uso ulipomwaka. Mtu aliyesamehe hafurahii kitu kama kile. Alhamisi, kwa toba ile, alikuwa amepanga viazi vizuri juu ya gunia, na kanisa zima likanunua bila kutia mkono. Aliutoa mkono wake kwenye gunia, akaondoka bila hata kutaja bei.

Alimkuta Merabu Jumatatu, analima kando ya zizi la mbuzi.

"Umekuja kunisamehe tena?" Merabu aliuliza, jembe halisimami. "Safari hii si ungekuja na ngoma."

"Dada, nimekuja kuomba radhi. Nilisema vile kwa sababu..." Akajikatiza. "Nilikuchukia. Basi. Nilikupiga mbele ya watu, nikasema natubu."

"Na machela?"

"Sikuja kujitetea kwa habari ya machela."

Merabu akasimamisha jembe. "Uliniaibisha mbele ya watu themanini. Radhi unaniomba mbele ya mbuzi?"

"Nitamweleza mchungaji."

"Themanini."

"Na wazee wote wa kanisa, dada. Na akina mama."

"Themanini, Keziya. Sipunguzi."

Alhamisi ilipofika, Keziya alisimama tena mbele ya wale themanini. "Wiki iliyopita nilimshtaki dada Merabu, nikaiita toba. Dhambi ilikuwa yangu. Nimemchukia miaka kumi na mmoja, na alipotoka hapa nilifurahi."

Watu wakangoja. "Kwa sababu ya ile machela, siyo?" mama mmoja akamsaidia.

"Nimemaliza," Keziya alisema.

Wimbo haukupanda. Alishuka katikati ya mabenchi, macho sakafuni, watu wakimpisha. Merabu alikuwa pale pale mlangoni. Hakumkumbatia. Aliondoa tu shali yake kwenye benchi, ikabaki nafasi ya mtu mmoja, na Keziya akaketi hapo bila kuthubutu kumtazama.