Maisha ya Mama Ukoko, Aliyepika Mbegu za Watu

Alizaliwa katika majira ya mvua, kwenye chumba cha nyuma cha duka la viatu ambamo baba yake alikuwa fundi. Mwaka wenyewe una utata: cheti cha ubatizo kinasema hivi, shangazi yake anasema vile, na shangazi hakubali kubishiwa na karatasi. Mama yake alifariki mapema, akamwachia mdogo wa kiume wa kubeba mgongoni na sufuria moja. Katika sufuria hiyo alizoea kumpakulia mdogo wake kwanza, kisha yeye akakwangua ukoko uliobaki chini. Watoto wa jirani wakamwita Ukoko, na jina likamganda hadi uzeeni. Sisi tunaowaandikia waumini tungependa jina lenye heshima zaidi, lakini tukitumia lingine hakuna atakayejua tunamsema nani.

Kuhusu wito wake, maelezo yanagongana. Wapo wanaoapa kwamba alisikia sauti kanisani. Yeye mwenyewe alimsimulia paroko kwamba alikuwa akipita soko la jumla, akaona nyanya na mboga zikipakiwa kwenye lori la taka, na nje ya ukuta huohuo akina mama wamekaa na watoto ambao hawakuwa na nguvu hata ya kulia. "Baba, nilichanganyikiwa," alisema. "Nilijua tu kwamba siwezi kwenda nyumbani." Alikodi karakana iliyofungwa, bado inanuka oili, akatundika nyavu kutoka ukuta hadi ukuta, akaanza kukausha mboga zilizokosa wanunuzi. Aliziuza kwa hoteli na shule, na faida ikalisha jiko la mtaa lililokuwa likifunguliwa kila adhuhuri. Kwenye bei alikuwa mkali kama pilipili, na wapo waumini ambao mpaka leo wanauliza mtakatifu gani huyo anayebishana na wenye hoteli mpaka jasho liwatoke.

Mdogo wake, aliyekuwa mtunza stoo wa kiwanda, aliacha kazi akaja kumsaidia. Ndiye aliyeanzisha ghala la mbegu. Wakulima wadogo wa pembezoni mwa mji walikuwa wakila mbegu zao kila njaa ilipobisha hodi, kisha mvua ikawakuta mikono mitupu. Basi wakaleta maharage yao ya kupanda ayahifadhi, yakiwa yamechanganywa na majivu badala ya dawa. Mdogo huyo alipokea kila gunia kwa mikono yake mwenyewe na kumwambia mwenye nalo, "Utalikuta hapahapa, labda niwe nimekufa." Ahadi hiyo ndiyo iliyompa jina mbele ya watu, na hakuwa na mali nyingine.

Ukaja ule mwaka ambao mvua zilikataa kabisa. Soko likakauka, nyavu zikabaki tupu, na foleni ya jikoni ikazunguka karakana. Mama Ukoko aliingia kanisani asubuhi, akatoka adhuhuri, na waliomwona wanasema uso wake haukuwa wa mtu aliyejibiwa. Alikwenda moja kwa moja ghalani. Maneno yaliyosemwa pale tumeyapata kwa mpishi mkuu, aliyekuwa mlangoni.

"Dada, hizi si zetu," mdogo wake alisema.

"Najua."

"Mvua ikinyesha watapanda nini?"

"Sijui."

"Sasa huko kanisani Mungu amekwambia nini?"

"Hajaniambia kitu. Sijui, mdogo wangu." Akamgeukia mpishi. "Washa moto."

Mdogo wake aliweka ufunguo juu ya gunia, akaondoka. Kwa muda mrefu hakumsemesha, wala hakukanyaga jikoni. Hapa kalamu yangu inasita. Amri ya saba, usiibe, iko wazi, na mali ya watu ni mali ya watu. Lakini walioila wako hai, na mmoja wao ndiye mpiga kinanda wetu. Kila Jumapili anapoanza wimbo wa mwanzo, mimi huchanganyikiwa upya.

Mvua zilirudi kabla foleni haijaisha. Wakulima walifika wakiwa na majembe mabegani, wakakuta ghala tupu. "Mama, umetula sisi!" mmoja alipiga kelele. Hakujitetea, alipiga magoti kwenye tope mbele yao, na hiyo haikumshibisha mtu. Siku chache baadaye mpishi alikwenda nyuma ya jiko kumwaga maji, akakuta mtaro mzima umefunikwa na miche ya maharage. Humo ndimo alimokuwa akimwaga maji ya kuoshea maharage pamoja na punje zilizoelea, ambazo huwa mbovu. Afisa kilimo alisema punje inayoelea kwa kawaida haioti, kisha akarudia neno "kwa kawaida". "Labda nilimwaga na nzima, nilikuwa na haraka," mpishi anasema. "Lakini mtaro wote ule? Sielewi." Na mavuno yake hayakutosha: kila mkulima alipata kiganja kimoja. Kama ni muujiza, mbona ulikuwa mdogo hivyo? Nami sielewi.

Mama Ukoko alipougua mapafu, alilazwa katika chumba kilichopakana na jiko. Siku ya mwisho mdogo wake alikuja, akaketi kitandani. "Mdogo wangu, nilikosea?" aliuliza. Nje foleni ilikuwa imejaa na jiko lilikuwa baridi, kwa kuwa wapishi wote walikuwa humo chumbani wakilia. "Sijui, dada," alijibu. Akainuka, akaingia jikoni, akawasha moto. Mama Ukoko aliposikia sufuria ikitua jikoni, alifumba macho, na hakuyafumbua tena.

Nilimuuliza mdogo wake kama siku ile alimsamehe. "Mzee," aliniambia, "watu walikuwa kwenye foleni." Ndugu waumini, na tumwige mwanamke huyu hasa siku ambazo mbingu zimenyamaza na mwenye njaa yuko mlangoni. Jiko bado linafunguliwa kila adhuhuri. Mdogo wake ndiye anayepakua, na watu wote wakishakula, hukwangua ukoko, akala.