Ukuta Wenye Tumbo

Wiki jana fundi alikuwa jikoni kwangu hapa Ruiru akibandika taili nyuma ya sinki, na kila alipoweka moja aliigonga kwa mpini wa mwiko wake. Ko, ko. Nilikuwa sebuleni namenya viazi na kisu kikasimama chenyewe mkononi. Ko, ko. Nikajikuta nangoja ukuta ujibu. Na upande wa pili wa ukuta wangu kuna kuku tu.

Basi wacha nikueleze nilikuwa namngoja nani.

Nilikulia Makongeni, kule Thika, katika nyumba ya mawe iliyogawanywa katikati. Upande mmoja tuliishi sisi. Upande wa pili aliishi Baba Mkubwa, kaka yake baba, na mkewe, ambaye tulimwita Tata. Kabla sijapata akili ya kukumbuka, majiko hayo mawili yalikuwa na mlango kati yake. Halafu ndugu hao wakagombania mfereji wa mabati, kwamba maji ya mvua yaingie tangi la nani, na baba akauziba ule mlango kwa mikono yake mwenyewe.

Baba alikuwa makanika wa kiwandani. Mashine yoyote angeifungua amefumba macho na kuifunga amelala, lakini mawe yalimshinda. Aliyapanga kwa hasira, akapiga plasta kwa hasira zaidi, na pale palipokuwa na mlango ukuta ukatoka tumbo. Si tumbo la mchezo. Mlima Kilimambogo asubuhi isiyo na ukungu ulikuwa kichuguu ukilinganisha. Kalenda iliyotundikwa pale ililala chali.

Sasa mama alikuwa na tabia yake. Akimaliza kusonga ugali, aliukung'uta mwiko kwenye lile tumbo: ko, ko. Na tumbo likajibu: ko, ko. Mimi nilijua sababu, hakuna aliyehitaji kunieleza. Tumbo likisikia harufu ya ugali linaumwa na njaa. Niliwatangazia darasa la pili lote kwamba ukuta wa kwetu huitisha chakula, na waliniamini, maana nilieleza vizuri hata mwalimu akaacha kusahihisha madaftari akasikiliza.

Muda si muda mama angebeba beseni kwenda kuanika nguo, hata kama nguo zenyewe zilikuwa kavu kama majani ya mahindi ya Januari. Tata naye angetokea na beseni lake. Wangesimama kila mmoja upande wake wa ua wa kayaba, wakinong'ona na kuficha vicheko ndani ya shuka. Nilidhani wanawake wazima huanika pamoja kama vile kuku wanavyolala pamoja. Wanaume wao walikuwa wakikutana langoni, kila mmoja analisalimia lango.

Jumamosi moja baba akaleta taili. Ukuta wa nyuma ya jiko, ule ule wenye tumbo, ulikuwa umekula mafuta na moshi mpaka ukang'aa kama kiatu cha askari, akaona sasa upendeze. Zilikuwa taili kubwa, nyeupe, na pamoja nazo akaja fundi Mutua kutoka Kalimoni, mtu mrefu aliyeimba nyimbo za kanisa akichanganya simiti. Mutua akauwekea ukuta ubao wake wa kupimia. Ubao ukabembea.

"Mama Njeri, hii ukuta iko na mimba."

"Ni tumbo tu. Bandika hivyo hivyo."

"Taili kubwa hivi? Zitakaa kama meno ya ngamia." Akanyoosha kiganja kuonyesha unene. "Nivunje hiyo tumbo, ama nijaze simiti hivi ukuta yote, ndio inyooke."

"Usivunje. Na usijaze."

"Sasa nifanye nini, niibembeleze?"

"Kuna zile ndogo zimeshikana na wavu," mama akasema. "Nimeziona mjini kwa yule Mhindi mzee anaongea Kikuyu kutushinda. Zile zinapinda na ukuta."

"Zinapinda, lakini tumbo itaonekana. Watu watasema fundi alikuwa amelewa."

"Nitawaambia hukunywa."

Mutua akacheka, lakini akaendelea kukoroga simiti. Kazi aliitiwa na Baba Njeri, akasema, na Baba Njeri alitaka ukuta ulionyooka. Mama akaegemea lile tumbo, mwiko wa ugali mkononi. Mama huyu aliwahi kumfukuza nyoka kwa ndala moja, tena ya kushoto, na sasa macho yalikuwa yamemjaa maji kwa sababu ya plasta. Niliogopa. Sikuelewa ni nini angepoteza, ila niliona ni kitu kikubwa.

"Ngoja nisikie kama iko na uwazi ndani," Mutua akasema, akanyoosha mkono karibu na bega la mama akagonga. Ko, ko.

Tumbo likajibu papo hapo.

Mutua akarudi nyuma akakanyaga simiti yake. "Nani huyo?"

Mama akatazama sakafu. Baba alikuwa amesimama mlangoni, na alikuwa amesikia. Nikaona nisaidie.

"Ni njaa, baba," nikamwambia.

Aliutazama ukuta. Kisha akauchukua mwiko kutoka mkononi mwa mama, polepole, akagonga mwenyewe. Ko, ko. Ikaja ko, ko, na nyuma yake moja ya ziada, nyepesi, kama mtu anayecheka. Akamrudishia mama mwiko wake.

"Fundi, rudisha hizi kubwa. Chukua zile ndogo. Na gamu ya kubandikia iwe nyembamba."

"Itakaa vibaya, mzee. Hiyo tumbo itaonekana mpaka Nairobi."

"Wacha ionekane. Ni mimi niliijenga."

Zikaja ndogo, za kijani cha avokado, zikapanda lile tumbo na kushuka kama magamba ya samaki. Wageni waliuliza kama ndiyo mtindo mpya. Mama akawaambia ni wa Italia.

Nilikuwa mama wa watoto wawili, nimekaa kwenye dawati la masomo ya jioni, mwalimu wa fizikia alipogonga meza kutuonyesha jinsi sauti inavyopita kwenye kitu kigumu na jinsi inavyofifia ukikiongezea unene. Nilicheka mpaka nikatolewa nje. Huko nje kicheko kikaniishia. Mama nilimwelewa jioni ile. Kumwelewa baba kulinichukua muda zaidi. Alikuwa ameziba mlango watu wakiona, na kuuzibua watu wakiona kungemshinda, lakini ukuta mbaya angeweza kuishi nao.

Fundi wangu wa Ruiru nilimwambia atumie gamu nyembamba. Akauliza kwa nini. Nikamwambia ni kwa ajili ya kuku.

Jumapili nikaenda Makongeni. Mama alikuwa bado kanisani. Baba, mvi tupu siku hizi, alimaliza chai yake, akageuza kijiko, akagonga zile taili za kijani. Akasikiliza. Kisha akainuka, akatoa shati kavu kabatini, akaenda kulianika. Nikachungulia dirishani. Upande wa pili wa kayaba, Baba Mkubwa alikuwa ameshafika kwenye kamba, ameshika soksi moja.